Mimi Pia Nilikuwa Kwenye Ule Mkeka

Likasi, Jumamosi mchana

Mwepu mwanangu,

Ya sanduku, ya koti na ya maji ya kuchemsha nimeshakuambia, mpaka jana ukaniuliza kama nadhani ungali unatambaa. Hayo siyarudii. Umekwenda kumuaga mjomba wako kule Mwadingusha, nami nimepata nafasi ya kukaa peke yangu na karatasi. Nisipoandika leo, najijua, sitaandika tena.

Kesho gari la moshi linakupeleka Ndola. Utamfanyia kazi yule Madamu Mwingereza niliyemfanyia mimi, kazi ile ile ya kuangalia watu wanavyoishi na kuandika, na utalala kwa Mamu Kapinga. Wewe unafurahi. Mimi nilijifanya nafurahi, hata nikawa naimba nikifua mashati yako. Uongo mtupu. Tangu Kapinga alipotuma neno na yule mfanyakazi wa reli kwamba, "Mwepu asilale ku batu bengine, ule ni mutoto wangu, minye nilimunyonyesha," naiandika barua hii kichwani.

Huwezi kuketi ukala bukari ya Kapinga, ugali wa mikono yake, bila kujua mama yako aliwafanyia nini watu wale. Nililificha jambo hili tangu walipohama mpaka wiki iliyopita. Ningeweza kulificha hata leo, maana huko Ndola hakuna anayelijua, wala wewe hulijui, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe unanichukuliaje.

Kwamba ulinyonya kwake unajua, maana yeye mwenyewe hachoki kuwasimulia wageni. Nilishikwa na homa ya tumbo wewe ukiwa na miezi michache, maziwa yakakauka, na Kapinga, mwanamke wa Kasai aliyehamia nyumba ya pili na kwangu bila kunijua hata jina, akakuweka ziwa moja na binti yake ziwa lingine. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinung'unika: damu yetu ya Kisanga inyonye kwa Wakasai? Nilimwambia basi akunyonyeshe yeye. Wakati ule nilikuwa na ulimi mzuri kuliko niliokuja kuwa nao baadaye.

Mume wake Kabongo unamkumbuka. Karani, shati jeupe, kalamu mfukoni, na kila Jumapili mbele ya koro, waimbaji wa parokia, akiwaongoza na kupandisha mabega yake kama anayetaka kuruka. Wewe ulikuwa ukimuigiza nyumbani na mwiko mkononi, nasi tunacheka mpaka baba yako anatoka nje. Nitakuomba umshike mtu huyo kichwani unaposoma.

Sasa nije kwa Madamu. Alipofika hapa, kabla ya mambo ya uhuru, alitafuta mwanamke anayejua Kiingereza na lugha za kambi hii ya wafanyakazi. Mimi nilikuwa nimelelewa Ndola, kwa sababu babu yako alifanya kazi ya reli huko, nami nikasoma kwa masista. Akanichukua. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa pale bombani akina mama wanapochota maji, kwenda kwenye vilio na harusi, kisha kumweleza Madamu nimeona nini. Majirani walinicheka: mtu analipwa kwa kukodoa macho! Lakini nilianza kuvaa viatu siku za kazi, nao wakaacha kucheka.

Alikuwa na sanduku zima la vitabu vya zamani, vya Wazungu waliopita nchi hizi kabla bibi yako hajazaliwa. Mchana wa joto alitaka nimsomee kwa sauti ili Kiingereza changu kinyooke. Na humo ndimo nilimokutana na maneno ambayo wale wataalamu wa kale waliyapenda kupita kiasi: "It will be observed." Itaonekana kwamba. Imeangaliwa kwamba. Kila ukurasa wa tatu, yapo. Itaonekana kwamba wenyeji hawapendi kazi asubuhi. Imeangaliwa kwamba wanawake wao hawana huzuni ndefu. Nani aliona? Alisimama wapi alipoona? Alikuwa ameshiba, au alikuwa anaharisha kichakani na kuwachukia watu wote siku hiyo? Hasemi. Unaambiwa tu kwamba imeonekana, basi nawe unaitikia kama uko misani.

Siku moja nilisoma mahali ambapo bwana mmoja wa zamani anaeleza jinsi alivyoingia kijiji cha upande huu, na wanawake wote wakageuka na kumpa mgongo. Itaonekana, anasema, kwamba hawana hamu ya kujua lolote. Mwepu, nilikifunga kitabu kwa kishindo, Madamu akamwaga chai. Nilimwambia, "Bibi yangu alifanya hivyo hivyo mbele ya mkwe wake mpaka anakufa! Ile ni heshima! Huyu bwana alipewa heshima asiyoistahili, akaandika kwamba wamekosa akili!" Nilikuwa nafoka kweli kweli. Madamu hakukasirika. Aliniambia kwamba ndiyo sababu yeye amejiwekea sheria: kwanza sema kile jicho limeona tu, bila kuchanganya na unachodhani. Halafu nenda ukamuulize mwenye jambo maana yake. Mambo mawili, alisema, na la kwanza bila la pili ni uvivu.

Nililielewa vizuri. Nakuambia hili ili usije ukanitetea kwamba mama hakujua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika kambi hii maneno yale yanaweza kufanya nini, na niliyakasirikia mpaka chai ya watu ikamwagika.

Halafu Katanga, jimbo letu, ikajitenga na Kongo. Madamu akarudi Ndola. Wewe ulikuwa shuleni kwa mapadri, hukuona yote. Watu waliochota maji pamoja miaka kumi na tano wakaanza kuulizana baba zao walitoka wapi. Wakasai wakaitwa wageni, wao waliozalia watoto wao wote hapa. Baba yako alikuwa amekwisha kufariki, na kazi niliyotumaini kupata ofisini, ile ya kuandika barua za kambi, alipewa mpwa wa Kabongo. Sitakudanganya, iliniuma. Nilimwamkia Kabongo asubuhi kama kawaida, lakini moyoni nilikuwa nimevimba. Kosa lake lilikuwa lipi? Hakuna. Mpwa wake alijua kupiga mashine na mimi sikujua.

Katika siku hizo Kapinga akapata habari kwamba mama yake amefariki huko Kasai. Unajua kilio kwetu kinavyokuwa: moto uani, watu wanakuja na mikeka, wanalia kwa sauti, wanalala hapo hapo na mfiwa ili asiwe peke yake. Lakini vijana wa mtaa walikuwa wamesema hawataki kuona Wakasai wakikusanyika. Basi Kapinga akamlilia mama yake mlango ukiwa umefungwa. Hakuna moto uani. Watu waliingia mmoja mmoja magharibi, mkeka kwapani, wanavua viatu wasisikike, na wanaondoka kabla ya jua kutoka.

Mimi nilikwenda siku ya kwanza. Nilipeleka sombe ya majani ya muhogo na unga. Niliketi naye kwenye mkeka mmoja, nikamshika kichwa, maana alikuwa amejaza kitambaa mdomoni ili kilio kisitoke nje. Sijawahi kuona mtu akilia namna hiyo, mwili wote unatikisika na hakuna sauti. Aliponiaga aliniambia, "Mama Mwepu, aksanti. Bengine banaogopa kuya. Weye hapana."

Siku chache baadaye niliitwa nyumbani kwa kapita, msimamizi wa kambi yetu. Nilikuta vijana watatu na askari mmoja. Walinipa kiti, Mwepu. Walinifungulia limonadi. Nilikuwa mjane niliyezoea kusimama mlangoni kwa watu, na hapa wananiita Mama Mwepu kwa heshima, na yule mkubwa wao anasema, "Weye njo ulifanyaka ile kazi ya kuangalia batu. Macho yako iko ya masomo. Alors, utwambie, ku nyumba ya Kabongo kunapitaka nini?"

Na mimi nikajibu. Hawakunipiga, hawakunitisha hata. Nilinyoosha mgongo na kusema kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimsomea Madamu vitabu vyake: kwamba inaonekana watu wanaingia magharibi, mmoja mmoja. Kwamba wanavua viatu. Kwamba mlango unafungwa na wanasema polepole. Kwamba wanaondoka alfajiri.

"Banafanyaka nini mule ndani?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Hapo palikuwa na neno moja tu, kilio, na ningelisema, labda wangecheka na kwenda kunywa pombe yao. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kulisema kungewaonyesha kwamba mimi mwenyewe niliingia mle, nikavua viatu, nikakaa. Wangeniuliza, kumbe nawe ni mtu wao? Nami niliogopa, na nilikuwa nimevimba kwa ajili ya ile kazi, na nilikuwa na limonadi ya watu mkononi. Nikasema, "Ile minye sijue. Minye nasema tu ile inaonekana."

Niliona fahari, hebu fikiria. Nilitoka pale nikijiambia kwamba sikusema uongo hata mmoja. Kila neno lilikuwa kweli. Nilitembea mpaka nyumbani nikijihesabia haki kama mtu aliyetoka kuungama.

Walikwenda kesho yake magharibi. Nilisikia mlango ukivunjwa, nikasikia akina mama, na sasa walilia kwa sauti. Nilifanya nini? Nilivuta pazia. Waliwatoa wanaume, wakawapandisha lori. Wengine walirudi baada ya siku mbili tatu. Kabongo alirudi baada ya majuma, amekonda, anavuta mguu, na Kapinga alipomwita jina lake kutoka mlangoni hakugeuka. Walikuwa wamempiga masikioni, mara nyingi, wakitaka awape majina ya mkutano. Mkutano gani? Hakuwa na majina ya kutoa, zaidi ya yale ya watu waliokuja kumlilia mama mkwe wake. Hayo hakuyatoa. Na langu lilikuwamo.

Hasikii tena, Mwepu. Ulipoambiwa kwamba ni homa, mimi ndiye niliyekuambia hivyo. Mtu aliyekuwa akisikia sauti moja iliyopotea kati ya waimbaji wote wa koro leo hasikii hata kengele ya kanisa. Walipohama kwenda Ndola kwa kaka yake Kapinga, walichukua walichoweza kubeba. Kapinga alinikumbatia njiani na kuniachia sufuria zake kubwa. Nilizipokea. Ee, nilizipokea!

Lipo na lingine, baya vile vile. Watu wa kambi walitaka kujua nani alisema. Wakamtazama Mama Senga wa pembeni, kwa sababu anapenda pombe na maneno, na kwa sababu aliwahi kugombana na Kapinga kwa ajili ya kuku. Kapinga mwenyewe aliamini hivyo mpaka anaondoka. Bombani wakawa wanaondoa ndoo zao Mama Senga anapofika. Ulikuwa hapa likizoni, uliona, nawe uliniuliza mbona hawamsalimu. Nilikujibu nini? Nilisema, "Inasemekana alifanya jambo." Nilipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu nilitamani ardhi inimeze, lakini haikunimeza, nikaendelea kuchambua mboga za lenga-lenga.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Senga. Nilimwambia yote. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Alinitazama machoni, akasema, "Nilijua. Uliacha kunitazama machoni kabla ya bengine." Kisha akaniambia nitoke kwake, nami nikatoka. Jumatatu niliwaambia wanawake bombani, mbele ya ndoo zao. Walijitwika ndoo zao wakaniacha pale peke yangu. Ndiyo maana siku hizi nachota maji mchana wa jua kali, na wewe ukanicheka kwamba mama amezeeka, amesahau saa.

Basi, hiyo kazi unayoiendea naijua ilivyo tamu. Utapewa karatasi nzuri na kiti, na watu watakuuliza umeona nini, na utajisikia mkubwa. Madamu si mtu mbaya. Nusu ya sheria yake niliitupa mimi mwenyewe. Sina maneno makubwa ya kukupa, na nani angeyasikia kutoka kwangu? Ninaloweza kukuambia ni lile lililonipata. Wakati wote nilipokuwa nasema inaonekana, inaonekana, nilikuwa najitoa katika kile chumba. Najiondoa kwenye mkeka. Nilitaka macho yangu yawemo na mimi mwenyewe nisiwemo. Siku utakapoona mkono wako unaandika namna hiyo, jiulize unaogopa nani, au una uchungu na nani. Mimi sikujiuliza.

Na usidhani nakuandikia ili unionee huruma. Nimeshajionea huruma ya kutosha, usiku na mchana, na haikumrudishia Kabongo sikio hata moja. Naona haya mbele yako kuliko mbele ya padri. Padri anasamehe watu wengi, ni kazi yake. Wewe una maziwa ya Kapinga katika mifupa, na una sura yangu, na kesho ungeketi kati yao ukipakuliwa nyama, mtoto wa rafiki yao mwema, nao wangekuwa wanamlisha mtoto wa mtu aliyewauza kwa limonadi. Hilo silikubali. Nimekubali mengi, hilo hapana.

Nilifikiri kwanza nikupe barua hii ukiwa umeshapanda, uisome njiani, uwaambie wewe. Nikaona ni mchezo wangu ule ule: nikutume wewe useme, mimi nibaki hapa nyuma ya pazia. Hutawaambia lolote kwa niaba yangu. Si mzigo wako.

Basi sikiliza. Niliuza zile sufuria zake kwa mwanamke wa Kakanda, na kwa bei yake nimenunua tikiti ya pili mpaka Ndola. Naomba Kapinga anisamehe hata kwa hilo. Nakwenda kwake mwenyewe. Nitamwambia kwa mdomo wangu, kwa jina langu, na mume wake akiwepo. Kabongo hasikii, kwa hiyo itabidi aniangalie usoni nikisema, mpaka nimalize, nami sitageuka. Wakinifukuza, nitalala stesheni na kurudi na gari la kesho yake. Wakikufukuza pamoja nami, hilo litakuwa limetoka kwangu, na una haki ya kunichukia.

Barua naiweka juu ya sanduku lako ili uisome kabla hatujaondoka, ungali na nafasi ya kusema neno. Kama hutaki kuketi nami, sitakulazimisha. Nitapanda behewa la nyuma. Lakini nitapanda.

Mama yako,
Veronika